Mbwa wangu wa miezi tisa haitiki tena nikimwita

Swali: Shikamoo mtaalamu. Nina mbwa dume wa miezi tisa, mchanganyiko wa German shepherd na mbwa wetu wa kienyeji, anaitwa Bosi. Tunaishi Morogoro. Alipokuwa mdogo nilikuwa nasema tu "Bosi njoo" anakuja mbio mpaka ananigonga miguuni. Tangu atimize miezi saba amebadilika. Mchana anakaa bandani, usiku namfungulia alinde uani, na Jumamosi asubuhi naenda naye kwenye kiwanja cha wazi nyuma ya nyumba. Nikishamtoa mnyororo, basi. Namwita mara kumi, ananitazama kabisa, halafu anageuka anaendelea na yake. Wiki iliyopita amekamata kuku wa jirani. Mume wangu anasema dawa yake ni fimbo. Je, ameshaharibika?

Jibu: Marahaba, dada. Bosi hajaharibika, na fimbo ibaki ilipo. Amebalehe tu. Mbwa wa umbo lake huanza ujana akiwa na miezi sita au saba, na haumwishi mpaka mwaka na nusu, wengine miwili. Miguu imerefuka, pua imefunguka, na dunia iliyokuwa ikiishia kwenye pindo la kanga yako sasa inafika mtaa wa tatu. Mtoto wa mbwa hukufuata kwa sababu anaogopa kubaki peke yake. Kwa hiyo zile mbio za zamani hazikuwa mafunzo, zilikuwa utoto. Utoto umekwisha, sasa ndiyo tunaanza kufundisha.

Na usidhani ni nyumbani kwako tu. Mwaka 2020 watafiti wa Uingereza, akiwemo Lucy Asher wa Chuo Kikuu cha Newcastle, walitoa matokeo ya kazi waliyofanya kwa mbwa waliokuwa wakilelewa ili waje kuwaongoza vipofu. Waliwapima kwa amri ndogo kabisa, ya kukaa, wakiwa na miezi mitano na tena wakiwa na miezi minane. Kwenye miezi minane walikuwa wabishi zaidi kwa yule anayewalea, lakini kwa mgeni walitii vizuri kuliko mwanzo! Mzazi yeyote aliyewahi kuambiwa na jirani "mwanao ana adabu kweli" huku nyumbani hamwezi, hilo analielewa bila utafiti. Kufikia mwaka mmoja ubishi ule ulikuwa umepungua. Basi mwambie shemeji asimhukumu mbwa kwa mwezi huu.

Sasa kuna neno moja kwenye barua yako nimelirudia mara tatu: "ananitazama kabisa". Hiyo ni habari njema. Mbwa aliyekutazama amekusikia, na anajua ni yeye anayeitwa. Kilichomgeuza ni hesabu aliyopiga pale pale. Hebu tuipige na sisi. Juma zima Bosi yuko bandani mchana kutwa, usiku yuko uani, na nje ya lango anatoka Jumamosi tu. Huko kiwanjani unamwita lini? Nakisia unamwita mnapotaka kurudi. Akija, anavishwa mnyororo, anapitishwa langoni, anafungiwa banda mpaka jioni. Bosi si mjinga. Amejifunza somo lako vizuri sana: "Bosi njoo" maana yake starehe imekwisha. Ungekuwa wewe ungekimbilia?

Ninakuambia haya bila kukulaumu kwa sababu mimi nilifanya vibaya zaidi. Jike langu la kwanza, miaka ile nikiwa bado najifunza kazi kwenye mbwa wa ulinzi, lilitoroka likazurura nusu siku. Liliporudi kwa hiari yake, mkia ukiwa chini, nililichapa. Mimi nilidhani nimeliadhibu kwa kutoroka. Lenyewe lilichoelewa ni kwamba ukimkaribia huyu mtu unapigwa, maana kutoroka kulikuwa asubuhi na kurudi ndiko kulikokuwa sasa hivi. Tangu siku hiyo lilikuwa linasimama hatua tatu kutoka mkononi mwangu, halisogei, halikimbii. Nilikaa miezi kulirudisha, na hatua ile ya mwisho haikupata kuwa ya haraka tena. Kwa hiyo nikisema fimbo ibaki ilipo sisemi kwa huruma peke yake. Fimbo inamfundisha mbwa umbali wa mkono wako.

Kiswahili kimetupa maneno mawili yanayoshikana mikono, kuita na kuitika. Mtoto akiitwa huitika "abee" au "naam" kabla hajajua anaitiwa nini, iwe kutumwa dukani au kupewa andazi. Hicho ndicho tunachokitafuta kwa Bosi, aitike kwanza, mengine baadaye. Ila mtoto huitika kwa malezi na kwa aibu. Mbwa hana aibu ya namna hiyo. Yeye huitika kwa sababu kila alipoitika alilipwa, mara nyingi mno, mpaka mwili wenyewe ukazoea kugeuka kabla kichwa hakijaanza hesabu.

Anza kwa kuliacha neno "njoo". Kwanza limeshachafuka, lina harufu ya banda. Pili, sikiliza nyumba yako kwa siku moja tu: njoo ule, njoo uone, njoo hapa wewe, njoo uchukue hela ukanunue vocha. Bosi analisikia neno hilo toka asubuhi na halimhusu, limekuwa kama kelele za bodaboda. Chagua neno ambalo hakuna anayelitumia kwa sauti hiyo, lenye irabu inayoweza kuvutwa ili lifike mbali. Mimi natumia "kwetuuu". Au nunua filimbi ya refa kwenye duka la vifaa vya michezo. Uzuri wa filimbi ni kwamba haina hasira. Sauti yako siku umekasirika si sauti yako ya kila siku, na Bosi anajua tofauti. Filimbi hulia vile vile kwako, kwa mumeo na kwa watoto.

Filimbi hiyo mwanzoni haina maana yoyote, wewe ndiye utakayeijaza. Na kwa hili hauhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Hapo hapo Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na makohozi yenye kifua kikuu. Mafunzo yao huanza na kidude kinacholia "klik": kikilia, panya anapewa chakula, ndizi kwa mfano. Kikilia tena, tena chakula. Panya akishaamini mlio ule, ndipo kazi nyingine hujengwa juu yake. Magawa, panya aliyezaliwa Tanzania akapelekwa Kambodia kunusa mabomu, alipewa medali ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020. Ikiwa panya buku amefika huko kwa ndizi, Bosi atafika kiwanjani.

Yeye ndizi haitamtosha. Wengi huniambia "mbwa wangu hajali chakula", nikiuliza wanampa nini wanasema ugali wa dona, ule ule anaokula kila siku. Nani anaacha panya kwenye majani kwa ajili ya ugali? Tafuta kitu chenye harufu. Dagaa wakavu ni hazina: bei nafuu, wananuka mpaka upande wa pili wa barabara, hawachafui mfuko. Wasuuze chumvi na mchanga, waanike tena. Firigisi zilizochemshwa bila chumvi wala kitunguu ni bora zaidi, ukizikata vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi. Maini pia, ila kidogo kidogo. Usimpe mabaki ya pilau, kitunguu kina madhara kwa mbwa, na mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha. Na chakula hicho kizuri kisionekane popote pengine. Kikitoka, kitoke kwa filimbi tu.

Juma la kwanza usitoke langoni kabisa. Bosi akiwa hatua mbili kutoka kwako, piga filimbi mara moja, mpe kipande. Usimngoje afanye lolote, unajaza tu mlio maana. Mara kumi asubuhi, mara kumi jioni, dakika tatu zinatosha. Siku ya tatu au ya nne utaona kichwa kinageuka kabla mkono haujaingia mfukoni. Hapo ongeza umbali: wewe jikoni, yeye uani. Kisha mtumie mwanao mkubwa, mmoja asimame mlangoni na mwingine kwenye karo la kufulia, muitane kwa zamu huku kila mmoja ana dagaa wake. Mbwa wanaupenda sana mchezo huu, na kwa kweli watoto hufundisha vizuri kuliko sisi kwa sababu hawana haraka ya kwenda popote.

Akifika, usimpe kwa mbali. Mkono mmoja ushike mkanda wake wa shingoni taratibu, mwingine utoe chakula, kisha umwachie. Watu wengi wanaruka hatua hii, nao ndio wanaolalamika baadaye kwamba mbwa anakuja lakini hashikiki. Mkono unaokwenda shingoni lazima awe ameuzoea mara mia kama mkono wa chakula, ili siku ukimvisha mnyororo asihisi amenaswa.

Sasa kiwanjani, ambako ndiko kwenye kazi yenyewe. Kuanzia leo Bosi hatolewi mnyororo halafu akaachwa hivi hivi nje ya lango. Nunua kamba ya manila, mita kumi, isiwe nene. Katani inachana viganja. Mfungie kwenye mkanda wa kifuani, usimfungie shingoni, kwa sababu mbwa wa kilo ishirini na tano akifika mwisho wa mita kumi kwa mbio, shingo ndiyo inayoumia. Fundi viatu anayeshona mabegi anaweza kukushonea mkanda huo kwa utepe wa begi ukimpa vipimo vya kifua. Piga fundo mwisho wa kamba ili ukiikanyaga isipite chini ya kiatu. Iache iburute. Usiizungushe mkononi, na usimwache nayo peke yake, atajinyonga kwenye kichaka.

Kamba hii si ya kumvutia kwako, maana ukiivuta umerudi kule kule kwenye fimbo. Kazi yake ni kuzuia jambo moja tu: Bosi asipate kamwe kujilipa mwenyewe kwa kukukataa. Kila akikimbia akapata kuku, akapata jalala, akapata mbwa mwenzake, amelipwa, na malipo ya kuku hayana mshindani kwenye mfuko wako. Kosa moja kama hilo linafuta kazi ya siku kadhaa.

Ukifika, mwache anuse dakika kumi kwanza. Yuko bandani juma zima, ukimwita dakika ya kwanza unapoteza pumzi. Akishapoa, ngoja wakati anaonekana yuko karibu kukutazama, mwite mara moja. Mara moja, dada! Mwito wa pili unamfundisha kwamba wa kwanza ulikuwa utani, na wa kumi unamfundisha kwamba kuna tisa za bure. Asipogeuka, funga mdomo, kanyaga kamba, halafu wewe kimbia upande mwingine au chuchumaa chini ukakune ardhi kama umeona kitu. Usimfuate, ukimfuata umeanza mchezo wa kukimbizana na ana miguu minne. Wahenga walionya kwamba mcheza na mbwa huingia naye msikitini. Walikuwa wanazungumzia mambo mengine, lakini tabia ya mbwa waliijua vizuri: hufuata anayecheza naye na anayeondoka.

Akija, hata kama amechelewa, hata kama umekasirika kiasi gani, lipa. Na usilipe kipande kimoja ukaondoka. Toa kimoja, kingine, kingine, vitano sita kwa zamu, huku unamsifu kwa sauti ya kijinga ambayo hungependa majirani waisikie. Kisha mwambie "haya, nenda", umwachie arudi kunusa. Hili la kumwachia ndilo ninalokuomba ulishike kuliko yote. Mwanasaikolojia Mmarekani David Premack alieleza mwaka 1959 jinsi jambo linalopendwa linavyoweza kuwa malipo ya jambo lisilopendwa, ingawa mama zetu walikuwa wakilitumia zamani: osha vyombo kwanza, halafu nenda ukacheze. Kwa Bosi uhuru wa kunusa una thamani kuliko firigisi. Ukimwita mara kumi kwenye matembezi, mara tisa arudishwe kwenye starehe yake, na ile ya kumi tu ndiyo ya nyumbani. Hatajua ipi ni ipi. Ile hesabu aliyokuwa akikupigia sasa inakwenda upande wako.

Ongeza ugumu taratibu. Kipimo changu ni hiki: akiitika mara nane au tisa kati ya kumi, songa mbele, iwe kwa umbali au kwa vishawishi, lakini si vyote siku moja. Akishindwa zaidi ya hapo, wewe ndiye uliyeruka ngazi, rudi nyuma. Mbwa anayeitika uani hajui bado kuitika kiwanjani penye mbuzi. Kwake ni masomo mawili tofauti. Kama kuna jike kwenye joto mtaani, pumzika, au fanyia mazoezi uani. Hakuna dagaa atakayeshinda harufu hiyo. Ukitaka kumhasi zungumza na daktari wa mifugo kuhusu umri unaofaa kwa mbwa mkubwa kama yeye. Kuhasi kutapunguza kuzurura kufuata majike, lakini hakumfundishi mbwa neno hata moja.

Ratiba yako pia ina tatizo, na hapa nisikufiche. Mara moja kwa juma haitoshi. Kijana anayefungiwa mchana kutwa siku sita, siku ya saba hawezi kuwa na masikio. Mtoe na kamba kila siku, hata dakika ishirini saa kumi na mbili asubuhi kabla jua halijawaka. Na banda lenyewe lisafishwe jina. Siyo kila akiingia afungiwe. Mwite, aingie, akute kichwa cha samaki, atoke tena. Kutwa mara mbili tatu. Chakula chake cha jioni kiliwe humo mlango ukiwa wazi. Baada ya majuma mawili, banda litakuwa mahali pa kwenda, na filimbi haitakuwa na deni la banda mgongoni.

Kamba utaitoa lini? Usiwe na haraka. Kwa mbwa wa umri huu mimi husema miezi mitatu au minne, na hata hapo huitoi siku moja. Unaikata mita moja moja kadiri miitiko inavyokuwa imara, mpaka kibaki kipande cha sentimita thelathini ambacho hakizuii chochote lakini yeye bado anakihisi. Na penye barabara, penye mifugo ya watu, au penye watoto wanaoogopa mbwa, abaki nayo hata akiwa mzee. Kuna majirani ambao mate ya mbwa kwao ni najisi, na mtu aliyeoga akatawadha akiwa njiani kwenda msikitini hastahili kurukiwa kifuani na kijana mwenye furaha. Kwake kauli ya "haumi huyu" haisaidii kitu.

Kwa kuwa ameshazoea kuzurura, angalia kadi yake ya chanjo. Chanjo ya kichaa cha mbwa huanza akiwa na miezi mitatu na hurudiwa kila mwaka. Kama hajachanjwa, mpeleke juma hili kabla ya filimbi na kamba. Na mtu yeyote akiumwa na mbwa, awe wako au wa mtaani, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Asisubiri kuona mbwa atakuwaje.

Shemeji najua atasema haya yote ni kumdekeza mbwa. Mpe yeye filimbi. Sifanyi mzaha: mpe filimbi na mfuko wa dagaa, amwite Bosi uani jioni moja, mara ishirini. Nimewaona wanaume wa fimbo wakibadilika mbwa alipowajia mbio mara ya tano, masikio yakipepea.

Na kuku wa jirani, mlipe leo. Nenda wewe mwenyewe, usimtume mtoto, na umwonyeshe ile kamba.